Sahani ya Kumi na Sita

Asubuhi ile ya Ijumaa kijiweni walikuwepo watu wanne. Spoki, fundi baiskeli, mwenye kibanda ambacho benchi letu limeegemea ukuta wake. Brashi, mpaka rangi, ambaye hata akioga mara mbili hubaki na madoa viwikoni. Hakimu, karani mstaafu wa mahakama, ambaye maishani mwake hakuhukumu mtu yeyote, ila miaka thelathini ya kuwaandikia mahakimu ilimwachia sauti yao. Na Mama Birika, muuza kahawa, kwenye kigoda chake, jiko la mkaa miguuni. Wa tano alikuja baadaye. Ilikuwa likizo ndefu ya shule, jua limekolea, na mtaa mzima ulifurika wageni: kila kamba ya kuanikia imelemewa na nguo za watoto ambao mtaa hauwajui, na wenye nyumba wanapishana njiani na magodoro ya kuazima vichwani. Watu waliwahi kijiweni siku hizo kwa sababu majumbani mwao hapakuwa na pa kukalia.

Spoki alikuwa na tairi mapajani tangu saa mbili, na ilipotimu saa nne hajaziba hata tundu moja. Mama Birika ndiye aliyeliona hilo. Alimmiminia kikombe, akakiweka pale mkono wake ungekifikia, akaendelea kupepea mkaa.

— Nina mgeni nyumbani, Spoki akasema mwishowe.

Brashi alicheka mpaka kahawa ikamwingia puani. Akataka aonyeshwe mtu wa mtaa huu asiye na mgeni. Yeye mwenyewe tangu shemeji zake watano wafike alikuwa analala jikoni, kichwa chini ya meza, na mkubwa wao alikoroma kwa zamu na mbwa wa jirani.

— Huyu wangu simjui, akasema Spoki.

— Humjui tabia?

— Simjui ni nani. Leo siku ya tano anakula kwangu, analala kwangu, na sijui ni nani.

Hakimu alikunja gazeti lake taratibu, akalikalia ili upepo usilichukue. Hiyo ilikuwa dalili kwamba kesi imefunguliwa.

Spoki akaeleza. Jumatatu alikuwa nje ya geti lake anashusha magodoro kwenye mkokoteni. Mama mmoja mtu mzima, ana sanduku dogo na kikapu, akasimama, akalitazama geti, akauliza: ndipo hapa? Spoki alikuwa ameambiwa na mkewe ajiandae kwa wageni kumi na sita, saba wa upande wake na tisa wa upande wa mke, na katika hao tisa wengine hajawahi kuwatia machoni. Akajibu ndipo, mama, karibu. Akambebea sanduku mpaka sebuleni. Mkewe naye, kwa kumwona mumewe anamwingiza mtu kwa mikono yake mwenyewe, hakuwa na shaka kwamba ni mtu wa kina mume. Akampigia magoti, akamwita shangazi. Tangu siku hiyo Spoki akawa anamwita mama mkubwa, mke anamwita shangazi, na katika kelele za nyumba ile, watoto wanagombania ndoo na redio imefunguliwa mpaka mwisho, hakuna aliyesikia kwamba mtu mmoja anaitwa majina mawili.

— Na kuhesabu je? Hamkuhesabu watu? Hakimu akauliza.

Walihesabu. Hilo ndilo lililowamaliza. Walitarajia kumi na sita, wakaazima sahani zikatimia kumi na sita, na kila mlo zikarudi chafu kumi na sita. Hesabu ikishakubali, nani ana muda wa kuuliza zaidi?

Mambo yaliharibika alfajiri ya siku hiyo. Mkewe alimwambia, kwa sauti ya chini ili asimwamshe mtoto, kwamba asisahau kumshukuru shangazi yake, maana bila yeye wiki hii angeanguka. Spoki akasema shangazi yangu yupi. Wakatazamana. Spoki akaenda bombani, akamvuta kaka yake pembeni akiwa na mswaki mdomoni, akamuuliza yule mama ni wa kwetu? Kaka mtu akatema povu, akasema yeye siku zote alijua ni rafiki wa mama mkwe.

— Basi muulize mwenyewe, akasema Brashi. Neno moja tu. Mama, wewe nani?

— Kwa mdomo gani?

Hapo Spoki alizungumza kwa kirefu kuliko kawaida yake, huku akiigeuza tairi kama mtu anayetafuta tundu kwenye maneno yake. Mtoto wao wa miezi saba anaota meno, na analia tangu jua lichomoze mpaka lizame. Mgongo pekee anaoutambua ni wa yule mama. Mke wake alikuwa hajafumba macho siku mbili, na yule mama alimwambia nenda kalale mwanangu, akafunga mlango, akakaa mbele yake kwenye stuli kama mlinzi, asipite mtu. Juzi alichukua ovaroli la Spoki lililokuwa limebaki na vifungo viwili, akalirudisha na sita. Akaimarisha hata vile viwili ambavyo havikuwa vimekatika. Mtu kama huyo unamsimamia mbele unamuuliza wewe nani? Si bora umtoe sanduku nje kabisa.

Na si hivyo tu. Mama mkwe wa Spoki, ambaye akisema limesemwa, alikuwa ametoa amri kwamba jioni hiyo ya Ijumaa, kabla watu hawajaanza kutawanyika Jumapili, watoto wote wawekwe chini wafundishwe ndugu zao. Kila upande utasimama na kumtambulisha mtu wake mmoja mmoja: huyu ni nani, mtoto wa nani, unamwita nani. Mpaka wote wamalizike.

— Watamalizika, akasema Spoki. Upande wangu utakaa chini, upande wa mke wangu utakaa chini, na yule mama atabaki na mtoto wangu mgongoni, watu wote wanamtazama, hana wa kumsimamia. Ndani ya nyumba yangu.

Akaiweka tairi chini. Sasa wote wakaelewa kwa nini tundu halikuzibwa.

Brashi ndiye aliyeanza, kama kawaida. Kwa maoni yake yule ni mwizi. Wezi wa siku hizi hawaruki ukuta, ni kazi ya kizamani hiyo, wanaingia mlangoni na kikapu.

— Mwizi gani anaosha vyombo siku tano? akauliza Mama Birika.

— Ndiyo ufundi wenyewe. Anayeosha sahani zako ndiye anayejua unazo ngapi.

— Sahani za kuazima, Spoki akamkumbusha.

Brashi hakuyumba. Akasema basi ni mtandao, anaiba mtaa mzima kwa kupitia nyumba moja. Alipoona hakuna anayetetemeka akabadilisha, akasema atakuwa mtu wa serikali, wametumwa kujificha majumbani kuchunguza watu wanalala wangapi chumba kimoja. Yeye ana shemeji watano chumba kimoja, na juzi kuna mtu alipita akachungulia dirishani. Hakimu akamwambia aliyechungulia alikuwa fundi wa umeme. Brashi akasema ndivyo wanavyovaa.

Hakimu alisubiri kimya kirudi. Kisha akasema kwamba swali la nani ni mgeni haliwezi kujibiwa kabla ya swali la nani ni mwenyeji. Aliwahi kuandika shauri moja ambapo mtu aliishi nyumbani miaka kumi na moja, na mwisho ikaonekana kwamba yeye ndiye mgeni.

— Kwa hiyo tuanze mwanzo, akasema. Wewe, Spoki, una ushahidi gani kwamba nyumba ile ni yako?

— Nimeijenga.

— Kujenga si ushahidi. Ndege pia hujenga.

— Hakimu, nimezaa watoto watatu mle ndani.

— Mkeo ndiye aliyezaa. Wewe ulikuwa hapa, mimi shahidi, uliponunua kahawa ya watu wote.

Akaendelea hivyo mpaka akafika mahali ambapo yule mama huenda ndiye mwenye kiwanja, amekuja kimyakimya kuangalia mali yake, na Spoki anapaswa kumwomba ruhusa ya kulala. Brashi akasema hapo sasa tunakwenda vizuri. Akapendekeza lile geti lipakwe rangi nyingine kabla ya jioni, ili yule mama akitoka sokoni asilitambue. Yeye atafanya kwa bei ya kijiwe.

Spoki akamgeukia Mama Birika kwa macho ya mtu anayezama.

Mama Birika hakuwa mwepesi wa maneno. Alitazama birika lake, akalitikisa kusikia kilichobaki.

— Mimi naona labda hana mtu, akasema. Umeona mtaa ulivyo wiki hii. Kila mlango unafunguliwa, watu wanakumbatiana. Labda alikuwa anapita tu. Akauliza ndipo hapa, ukamwambia ndipo. Mtu ambaye hana mtu, akiambiwa karibu, utamlaumu akiingia?

Spoki akajifanya anatafuta kiraka sandukuni. Kama ni hivyo, basi jioni itakuwa mbaya zaidi. Mtu aliyekimbia upweke wake, umwite mbele ya ndugu wote uutangaze.

Wakaanza kutafuta namna ya kuuliza bila kuuliza. Hakimu akashauri daftari la wageni, jina kamili, anakotoka, na uhusiano na mwenye nyumba, kila mtu ajaze. Mama Birika akasema wengine hawaoni vizuri, utawaaibisha wao sasa. Spoki akakiri kwamba asubuhi ile, kabla ya kuja, alijaribu mwenyewe.

— Nilimwambia, mama, na nyumbani hawajambo?

— Akasemaje?

— Akasema wote hawajambo, wanakusalimia sana.

— Kisha?

— Nikamwambia nifikishie salamu.

Brashi akapiga goti lake kwa kicheko. Hakimu akatikisa kichwa, akasema shahidi ameulizwa vibaya. Na walikuwa bado wanagombana juu ya hilo, Brashi anaigiza sauti ya mwizi anayesalimia, ndipo Spoki alipomwona anatokea kwenye kona ya mashine ya kusaga: mtandio wake wa bluu iliyopauka, mwendo wa polepole, na mgongoni kichwa kidogo kimelala upande.

Aliyesimama wa kwanza kumpisha benchini alikuwa Brashi. Alipangusa ubao kwa kiganja, akaukagua kama una rangi mbichi, ingawa ulikuwa haujapakwa tangu utengenezwe. Akasema shikamoo mama kwa sauti ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia.

— Marahaba, mwanangu. Kaa, usinisimamie.

Hakukaa. Yule mama akaketi kwa ukingo, ili mtoto asibanwe na ukuta. Akasema amemtoa mtoto kidogo, mama yake apate usingizi. Mama Birika akamimina kahawa, na birika likakohoa. Ilitoka nusu kikombe, na ndiyo ilikuwa ya mwisho. Akachukua kikombe chake mwenyewe ambacho hakuwa amekigusa, akajalizia.

Yule mama alikunywa mafunda mawili. Akashukuru. Akamtazama Spoki, kisha chini, kisha Spoki tena.

— Baba, nilikuwa nakufuata wewe. Nina swali, na nyumbani naona haya kuliuliza mbele za watu.

— Uliza, mama.

— Mimi si ndugu yenu.

Mkaa ulipasuka kidogo jikoni.

Akasema yote polepole, kama mtu aliyeyapanga njiani. Alikuja kumtembelea mpwa wake, mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye mara ya mwisho alimwona akiwa darasa la tatu. Simu yake alimwachia mjukuu nyumbani. Aliandikiwa njia kwenye karatasi. Alipoambiwa ndipo hapa, akaingia, akakuta mama kijana ana mtoto mchanga, akasema moyoni huyu ndiye, amekua, na yuko nyumbani kwa sababu ya uzazi. Mpaka Jumanne, mama mkwe alipofika, watoto wakamwambia bibi huyu ndiye aliyemzaa mama. Na wifi yake yeye anamjua, si yule.

— Nikataka kuaga siku ile ile. Lakini mtoto huyu alikuwa analia, na mama yake anasinzia amesimama, na wengine wote ni wageni wanaosubiri kuhudumiwa. Nikasema akitulia nitasema. Alipotulia nikaona siku zimepita, nitaonekana mtu wa ajabu.

— Hukuonekana mtu wa ajabu, mama, akasema Spoki.

— Nashukuru. Lakini swali langu silo hilo. Mkeo aliniambia mlikuwa mnatarajia watu kumi na sita. Mimi ndiye ninayeosha vyombo. Sahani ni kumi na sita, pamoja na yangu. Akakizungusha kikombe mkononi. Sasa nauliza tu, sahani ninayolia mimi ni ya nani?

Asubuhi nzima wote wanne waliijadili nyumba, kiwanja, serikali na wezi, na katika yote hayo hakuna aliyekumbuka kwamba kama mtu mmoja amezidi na hesabu bado ni ileile, basi kuna mtu mmoja hayupo.

Spoki akampigia mkewe simu. Mkewe, aliyeamshwa usingizini, akamuuliza mama yake, na wote watano walisikia sauti ya mama mkwe ikipita kwenye simu bila shida. Alisema aliyekosekana ni mama mdogo wake tu, Bibi Mdogo, na huyo kila likizo husema anakuja na kila likizo haji, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Spoki akamwomba, kwa adabu, awapigie kule kwake wahakikishe. Ikakatika. Wakangoja. Yule mama alikuwa anampigapiga mtoto mgongoni ingawa mtoto amelala.

Simu ikalia.

— Aliondoka Jumatatu, mkewe akasema. Kwa basi la asubuhi. Baba watoto, bibi yangu ana miaka sabini na nne.

Spoki alisimama, tairi ikaviringika mpaka barabarani, na hakuna aliyeifuata. Siku tano. Alianza kutaja kituo cha polisi, hospitali, stendi, yote kwa pamoja. Yule mama akamshika mkono.

— Baba, ngoja. Kama mimi niliingia kwenu, naye aliingia mahali. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye fundo la mtandio. Nisomee hii, mimi macho yangu si mazuri.

Hakimu akaisoma kwa sauti ya mahakamani. Shuka stendi, fuata barabara mpaka mashine ya kusaga, uingie mtaa wa kushoto kwake, nyumba ya tano, geti la bluu. Ukipotea, ulizia nyumba ya mkunga.

— Wewe uko mtaa wa kulia, Hakimu akamwambia Spoki. Nyumba ya tano.

— Geti la bluu, akasema Spoki.

Wote wakamgeukia Brashi. Alikuwa anajikwangua doa kwenye kiwiko, doa la bluu, la zamani kidogo.

— La mkunga pia nililipaka mimi, akasema. Rangi ya Spoki ilibaki nusu kopo. Ningeitupa?

Hakuna aliyepata muda wa kumlaumu, na kwa kweli yeye ndiye aliyekuwa mbele walipokwenda, akikimbia hatua kumi na kugeuka kuwangoja. Mama Birika aliacha jiko na vikombe wazi barabarani. Spoki alimchukua mtoto ili yule mama atembee vizuri, mtoto akaamka na kulia, akarudishwa mgongoni, akanyamaza. Walipita mashine ya kusaga, wakakata kushoto, wakahesabu mageti.

La tano lilikuwa wazi. Uani, chini ya kamba ya nguo, ajuza mdogo kama mtoto wa shule aliketi kwenye mkeka, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe, binti mmoja kati ya magoti yake na wengine wawili wamepanga foleni. Mkunga alikuwa dirishani anakatakata mboga. Alitabasamu kwa watu wa mtaa, akawakaribisha, akasema njooni mwone shangazi yangu anavyosuka.

Spoki akapiga goti mbele ya mkeka.

— Bibi. Mimi ni mume wa mjukuu wako. Tunakusubiri tangu Jumatatu.

Bibi Mdogo alimaliza mstari mmoja wa nywele kabla ya kumtazama.

— Najua, akasema. Siku ya kwanza nilijua hawa si wetu. Lakini hapa wamenipa kitanda peke yangu. Kwenu ningelala na watoto.

Mkunga alibaki na kisu hewani. Kisha akamwona yule mama mwenye mtandio, aliyesimama getini na mtoto wa watu mgongoni, akiogopa tena kuingia nyumba isiyo yake. Akamtazama kipaji, akamtazama pua.

— Una uso wa baba, akasema taratibu.

Mkunga aliruka kizingiti na kisu mkononi, akakumbuka, akamkabidhi Brashi, akamkumbatia shangazi yake pamoja na mtoto. Spoki alitazama pembeni, akasikia Mama Birika anavuta kamasi, na Hakimu anakohoa kama mtu anayetaka mahakama itulie.

Jioni ile mama mkwe alipotangaza kwamba pande zote mbili zimemaliza, upande wa tatu ulisimama. Mkunga alimtambulisha shangazi yake kwa watoto wote. Kabla hajaketi, mke wa Spoki naye akasimama, akasema anaomba amtambulishe mara ya pili, maana ya kwanza haikutosha.

Bibi Mdogo hakuhudhuria, alituma salamu. Alirudi kwao Jumanne, siku mbili baada ya wageni wengine wote, kwa sababu binti wa tatu wa mkunga alikuwa hajamaliza kusukwa.